Naomba ushauri: nyumba ya kisasa inauzwa Bagamoyo, lakini hati ina jina la marehemu

Mleta mada: Ndugu zangu, salaam. Mimi na mwenzangu tumechoshwa na kodi ya nyumba ya Dar es Salaam, hivyo tunatafuta mahali pa kuhamia pamoja na watoto. Tumeonyeshwa nyumba mjini Bagamoyo, upande wa Ukuni, yenye vyumba vitatu, kimoja kikiwa masta, sebule pana, jiko lenye makabati, kisima, uzio wa matofali na banda la uani. Paa lake ni lile la kuficha ambalo siku hizi kila mtu analitaka. Bei ni shilingi milioni 95, na dalali anasema maongezi yapo.

Kinachonikwaza ni nyaraka. Hati ipo, lakini imeandikwa jina la marehemu baba yao. Anayeuza ni mtoto wake wa kwanza, naye ametuonyesha muhtasari wa kikao cha ukoo wenye mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji, na anataka tutangulize milioni 20 ili ashughulikie yaliyobaki. Banda la uani anaishi mama mmoja mtu mzima, ambaye dalali anasema ni mpangaji na atahama. Je, tuendelee?

Msaidizi wa sheria: Ndugu mleta mada, msitoe hata shilingi moja kwa sasa. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu. Anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, na mara nyingi shauri hilo hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Akishateuliwa, msimamizi hupeleka barua ya uteuzi kwa Msajili wa Hati ili jina lake liingizwe kwenye daftari kwa nafasi hiyo ya usimamizi, na hapo ndipo anapoweza kusaini uhamisho kwenda kwa mnunuzi. Ombeni pia upekuzi rasmi wa hati hiyo, kwa kuwa utaonyesha kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu mwingine.

Nanyi mzungumzeni na huyo mama wenyewe, dalali asiwepo.

Mkazi wa Magomeni: Mimi nilinunua kwa muhtasari wa ukoo na sijasumbuliwa na mtu. Tusiwatishe watu bure.

Msaidizi wa sheria: Hujasumbuliwa kwa sababu hakuna mrithi aliyejitokeza, ndugu yangu. Siku utakapotaka kuhamisha jina au kukopea nyumba hiyo, utaulizwa barua ya uteuzi.

Fundi mwashi: Niongeze upande wa jengo, maana vigae vinavyong'aa huficha mengi. Paa la kuficha lina mfereji nyuma ya ule ukuta wa juu unaolificha, na majani yakiuziba wakati wa masika, maji hurudi ndani. Tazameni dari ya jipsamu kwenye pembe za kuta za nje: mkiona duara la rangi ya chai, au sehemu moja iliyopakwa rangi mpya peke yake, ombeni kupanda juu. Kisha gongeni lipu kwa kifundo cha kidole kuanzia chini hadi usawa wa goti. Ikitoa mlio wa uwazi au ikipukutika unga mweupe, chumvi imeshaingia, na kupaka rangi upya hakutasaidia kitu. Maji ya kisima yaonjeni, kwani visima vingi vya huku vina chumvi. Ulizeni pia kama bomba la DAWASA, mamlaka ya maji, limefika na mita ipo.

Mleta mada: Nawashukuru sana. Tumerudi bila dalali na kuzungumza na yule mama. Si mpangaji; ni mjane wa marehemu, mke mdogo, na hakuwahi kuitwa kwenye kikao hicho. Dari ya chumba cha masta nayo ina duara lile lile alilolieleza fundi.

Msaidizi wa sheria: Basi jambo limejieleza. Ikiwa mirathi inafuata sheria ya Kiislamu, mjane ana fungu lake, yaani thumni (moja ya nane) pale marehemu anapoacha watoto, na kumwita mpangaji hakuliondoi. Mwelezeni muuzaji kwa maandishi kwamba mtanunua kutoka kwa msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, warithi wote wakiwa wameridhia, mjane akiwemo. Kwenye mkataba itajwe kwamba kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi wa nchini ni asilimia 10 ya faida, pamoja na malimbikizo ya kodi ya ardhi, ni juu ya upande wa muuzaji; ushuru wa stempu, takriban asilimia moja ya thamani, mtaulipa ninyi. Fedha zipite benki, si mkononi.

Mleta mada: Tumemwandikia hivyo. Amejibu kwamba ana mteja mwingine asiyekuwa na maswali mengi, nasi tumemwacha auze. Mwenye taarifa ya nyumba nyingine Ukuni au Kaole, ambayo muuzaji ndiye mwenye jina kwenye hati, naomba anijulishe.