Nilipovuta upinde bata mzinga wakakimbia: nilikosea wapi ndani ya hema la maficho?

Mgeni wa Iowa:
Ndugu wawindaji, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma ninayeishi Iowa, na nilikotoka nilizoea kanga, si bata mzinga mwitu. Aprili iliyopita, kabla ya mapambazuko, niliketi ndani ya hema la maficho kando ya shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, na hatua 20 mbele yangu nikasimamisha jike wa bandia. Madume wawili waliruka chini kutoka mitini walikolala, wakamkaribia wakiwa wametandaza mikia, lakini nilipoanza tu kuvuta upinde mmoja akatoa mlio mfupi wa kushtuka na wote wakatokomea. Nilivaa nguo za rangi ya majani, na madirisha yote yalikuwa wazi ili nione kila upande. Nilikosea wapi? Na kama wangetulia, ningelenga wapi?

Mvizi wa Missouri:
Ndugu, kosa ni hayo madirisha. Pua ya bata mzinga haimsaidii sana, lakini macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa na hunasa hata mkono unaosogea kidogo. Dirisha la nyuma likiwa wazi, mwanga wake hukuchora kama kivuli ukutani. Kwa hiyo yafunge ya nyuma yote, acha upenyo mdogo wa mbele, keti nyuma kabisa, na uvae nguo nyeusi pamoja na glavu na kitambaa cha uso, maana ndani ya hema ni giza. Hema lenyewe halimtishi, hata ukilisimamisha asubuhi ileile. Ongeza dume mchanga wa bandia, umweke hatua 8 au 10 akilitazama hema. Dume mkubwa hupenda kumkabili mpinzani uso kwa uso, na akifanya hivyo anakupa mgongo wewe. Mkia uliotandazwa ukishaziba kichwa chake, hapo ndipo uvute.

Mzee wa Mishale:
Kuhusu kulenga, naomba mwanangu usikilize kwa makini, kwa sababu ndege aliyejeruhiwa na kupotea ni jambo la kusikitisha. Manyoya humfanya aonekane mkubwa, ilhali moyo na mapafu yake havizidi chungwa kwa ukubwa. Akisimama ubavu, lenga pale bawa linapoungana na mwili, wala usilenge kifuani kama wengi wafanyavyo. Akikupa mgongo huku ametandaza mkia, lenga katikati, pale manyoya ya mkia yanapoota. Tumia chembe, yaani ncha ya mshale, yenye makali mapana. Tena ufanye mazoezi ukiwa umeketi kwenye kigoda ndani ya hema lilelile: jicho hupita juu ya mshale, hivyo unaweza kumwona ndege vizuri dirishani na mshale ukagonga ukingo wa chini. Ukishapiga, kaza macho uone alikoelekea, kwa kuwa manyoya hufyonza damu na alama chini huwa chache.

Dada wa Kentucky:
Naongeza la usalama. Usivae chochote chekundu, cheupe wala cha buluu, kwa sababu ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwingine anaweza kukudhania wewe ndiye ndege. Ukimbeba bata wako, mfunike kwa kitambaa cha rangi ya machungwa.

Mgeni wa Iowa:
Nashukuru sana, mzee wangu na ndugu zangu. Leo jioni nitasimamisha hema uani, nifunge madirisha ya nyuma, nianze mazoezi nikiwa kigodani.