Mama na mke wangu wanagombana kupitia mchezo wa redio, naombeni ushauri

Mpunga_Mbichi:
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu. Wa kukejeli nao karibuni, ila mkimaliza mniachie neno la maana.

Mimi ni mkulima wa mpunga huku bonde la Kilombero. Nina mke na watoto watatu, na tunaishi na mama yangu mzazi; mzee alishafariki. Redio ya huku ina mchezo wa kuigiza wa siku nyingi, maisha ya kijijini, unarushwa jioni mara mbili kwa wiki na marudio Jumapili. Kwenye mchezo kuna mama mjane, kijana wake na mkamwana. Yule mama ndiye mshika ufunguo wa ghala. Mkamwana kajiunga kimyakimya na VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na sasa magunia yameanza kupungua na haijulikani nani anachota.

Mama yangu yuko upande wa yule mama, mke wangu upande wa mkamwana. Mwanzoni ilikuwa raha, tunacheka tunalala. Siku hizi mchezo ukianza mimi natafuta sababu ya kwenda kumwangalia mbuzi. Mama anaiambia redio, "Wewe binti, mpunga wa watu hauuzwi mlango wa nyuma!" Mke wangu hajibu. Anasogeza kuni, anapuliza moto, halafu naye anaiambia redio, "Na ufunguo wenyewe utazikwa nao?" Hakuna anayemtazama mwenzake, macho yote kwenye redio.

Juzi mke katoka na khanga iliyoandikwa "Mdhaniaye ndiye siye", kapita nayo mbele ya mama taratibu kwenda kuanika mpunga. Mama akainuka, akaingia ndani, akatoka kabadilisha ya kwake. Maneno yaliyokuwa kwenye hiyo ya pili siyaandiki hapa, kuna watoto humu.

Niseme na hili mapema ili msiniulize: mke wangu yuko VICOBA kweli. Mimi najua, mama sidhani kama anajua. Na ufunguo wa stoo yetu kweli anao mama.

Nimefikiria nifiche betri mpaka huo mchezo uishe. Nifanyeje?

Kandambili:
Uishe? Mchezo wa redio wa kijijini hauishi mkuu, utakufa wewe uuache. Halafu ukificha betri watahamia kwenye simu.

mama_pacha:
Nimesoma mara mbili. Nimemwona mama, nimemwona mke, nimeiona redio mpaka na mbuzi. Wewe uko wapi? VICOBA unaijua, umenyamaza. Ufunguo unauona, umenyamaza. Na yule kijana wa kwenye mchezo, mama na mkewe wakirushiana maneno yeye hufanya nini?

Mpunga_Mbichi:
Yule ni mpole tu. Wakianza anaenda shambani.

mama_pacha:
Haya.

Kandambili:
Hahahaa, mkuu umejiandikia hukumu.

Chifu_Mstaafu:
Mama ni mmoja, wake wapo wengi. Mwambie mkeo akae kwenye nafasi yake, ufunguo wa nyumba ya marehemu anashika mjane. Mambo ya VICOBA za siri mwisho wake tunaujua.

mama_pacha:
Chifu, huyo "mke" ndiye anayeinama kwenye tope kupanda huo mpunga unaofungiwa. Nafasi yake ni ipi, bondeni tu? Na siri gani wakati mume anajua?

Sauti_ya_Mawimbi:
Mleta uzi, mimi nimewahi kuandika michezo ya namna hiyo kwa miaka kadhaa, kwa hiyo acha nikuoneshe jikoni kwetu.

Michezo mingi ya redio yenye mafunzo huku kwetu inafuata njia iliyoanzia Mexico, kwa mtayarishaji wa tamthilia anayeitwa Miguel Sabido. Unaweka mhusika anayeharibu, unaweka wa kuigwa, halafu katikati unaweka anayeyumba. Huyu wa katikati ndiye roho ya mchezo, kwa sababu msikilizaji wa kawaida si shetani wala malaika. Waliosikiliza Redio Tanzania kuanzia 1993 wanaikumbuka Twende na Wakati. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, alikuwa wa kuharibu. Mkewe Tunu ndiye aliyekuwa katikati, anavumilia, anavumilia, mpaka anaanza kujisimamia. Watu walimchukia Mkwaju kama jirani yao kabisa.

Sasa sikia hili. Mtambo wa Dodoma haukurusha mchezo ule mpaka 1995, makusudi, ili watafiti walinganishe Dodoma na sehemu zilizousikia. Waliyoyakuta ni mengi, ya UKIMWI na uzazi wa mpango, lakini mimi lililonikaa ni hili: waliousikiliza walikuwa wakizungumza zaidi na wenzi wao kuhusu uzazi. Mambo ambayo mtu hawezi kumwanzishia mwenzake kitandani, Mkwaju na Tunu waliyaanzisha.

Hicho ndicho kinachotokea kwako. Mama yako hawezi kumwambia mkamwana uso kwa uso, "nahisi unauza mpunga." Ni aibu. Mkeo naye hawezi kumjibu mama mkwe, adabu haimruhusu. Lakini wote wawili wanaweza kuisema redio usiku kucha, maana redio haina ukoo. Ukificha betri unawafungia mlango pekee uliobaki wazi. Hapo ndipo utaona kununiana kwenyewe.

Wala si sisi tu. Uingereza wana mchezo wa redio wa kijijini, The Archers, unaosikika nchi nzima tangu Januari 1951. Ulianza kwa nia ya kuwafundisha wakulima kuzalisha zaidi, wakati chakula bado kinatolewa kwa mgao baada ya vita. Mbolea na ng'ombe vikawavuta watu, waliobaki wamebaki kwa ajili ya ugomvi wa familia: nani anarithi shamba, nani kaolewa na nani. Miaka ya nyuma walikuwa na mwanamke anayeitwa Helen, mumewe anamkandamiza taratibu, mpaka 2016 Helen akamchoma mumewe kisu. Wasikilizaji wakachanga zaidi ya pauni 100,000 kusaidia wanawake wanaoteswa majumbani. Kwa ajili ya mtu ambaye hayupo duniani! Kwa hiyo usimshangae mama kugombana na spika.

Ushauri wangu: kaa, sikiliza nao. Mchezo ukiisha uliza swali moja, la mchezo, usiguse ya nyumbani. Muulize mama, "Hivi yule mama, angehakikishiwa nini ndipo aachie ufunguo?" Halafu funga mdomo. Usitetee mtu.

Kandambili:
Hili swali la ufunguo nimelipenda. Ila mkuu usilisome kwenye simu mbele yao.

Bibi_wa_Wajukuu_Saba:
Wanangu, mimi ni mama mkwe. Nasoma tu humu siku zote, leo nimeona niandike, mnisamehe mwandiko.

Mnauongelea huo ufunguo kama uroho. Mume wangu alipofariki, arobaini haijapita, shemeji zangu wawili walikuja na daftari. Wakaandika mabati, wakaandika majembe, wakaandika na sufuria nilizonunua mwenyewe kwa pesa ya mihogo. Walipofika ghalani nikasimama mlangoni, ufunguo nimeufunga kwenye ncha ya khanga. Nikawaambia, ghala hili lina chakula cha yatima. Wakaondoka. Tangu siku ile ufunguo ule sikuuweka chini, hata usiku. Mkamwana wangu alipokuja yeye akaona mama mkwe bahili anayehesabu debe. Hakuiona ile siku, angeijuaje? Na mimi sikumsimulia, kwa sababu kijana wangu alikuwa anatuambia "mnyamazeni, msigombane," basi tukawa tunanyamaza.

Mwanangu mleta uzi, muulize mama yako mzee alipofariki ni nani walikuja. Na mkeo awepo, asiambiwe baadaye na wewe.

Halafu jambo jingine. Mama anajua kuhusu VICOBA. Sisi tunajua kila kitu. Wanawake wa kikundi wanakutana chini ya mti mchana kweupe wanahesabu hisa, wewe unadhani kijiji kizima kimefumba macho? Anachongoja ni kuambiwa.

Chifu_Mstaafu:
Shikamoo bibi. Hapo kwenye daftari nimekubali.

Bibi_wa_Wajukuu_Saba:
Marahaba mwanangu.

Wakili_wa_Mashambani:
Naomba nishuke chini kidogo, kwenye udongo. Mleta uzi, hilo shamba la mpunga liko kwa jina la nani? Nahisi jibu ni "la mzee", na mzee hayupo. Basi huo ufunguo una sababu nyingine tena.

Zile kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, zinasema mjane hana fungu kwenye urithi ikiwa mume kaacha ndugu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Yaani kwa macho ya mila mama yako hana shamba, anakuwa na wewe tu. Na wewe una mke. Sasa niambie mwenyewe kama ungekuwa yeye ungeachia ufunguo kirahisi.

Lakini sheria haikusimamia hapo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Hati ya hakimiliki ya kimila, ile ya kumiliki ardhi ya kijiji, inaweza kuandikwa majina ya watu zaidi ya mmoja, kwa hiyo hakuna kinachozuia mama, wewe na mkeo kuwemo wote kama mtakubaliana. Na mkeo asijione mgeni pale. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka, sitaki kuwatabiria hayo. Ila usije ukasema nyumbani kwako kwamba "yeye kachangia nini."

Kabla ya hati kuna mirathi. Kama haijafunguliwa, anzeni huko, baba zako wadogo wasije wakakumbuka daftari.

mama_pacha:
Wakili, baba wadogo wana masikio makubwa, usiwaite.

Mpunga_Mbichi:
Wakuu nimerudi. Jumapili kwenye marudio nilikaa, sikwenda kwa mbuzi. Mchezo uliishia pale yule mkamwana kakutwa na mizani nyuma ya nyumba. Mama akaguna, mke akaguna. Nikauliza lile swali. Kimya. Nikadhani nimeharibu.

Mama akasema, "Aachie ufunguo ale nini akifukuzwa?" Mke wangu akasema, "Nani amfukuze?", na safari hii alimwambia mama, si redio. Mama akaanza kutaja watu. Baba yangu mdogo, na mwingine ambaye mpaka leo tunampelekea mchele kila mavuno. Nilikuwa nasoma bweni kipindi hicho, sikuwahi kuyasikia. Kumbe yalikuwepo mengi. Mke wangu alilia, mama akamwambia aache kulia sufuria inaungua.

VICOBA sikuitaja. Mke anasema atamwambia mwenyewe, siku ya mgao, na pesa mkononi. Ufunguo bado yuko nao mama na mimi sijauomba.

Khanga zinaendelea. Leo mke kavaa nyingine.

Wakili, mirathi haikufunguliwa, na kijiji chetu kina masjala ya ardhi. Mirathi ya shamba la kimila naifungulia wapi? Na fomu ya hakimiliki naanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa mtendaji?

Wakili_wa_Mashambani:
Mirathi ya kimila ni Mahakama ya Mwanzo. Fanyeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mteue msimamizi, ndipo mwende mahakamani na cheti cha kifo. Kwenye hicho kikao mama yako na mkeo wakae ndani, wasiishie jikoni. Hati ni kwa mtendaji wa kijiji, maombi yanaenda halmashauri ya kijiji, na majirani mnaopakana nao watahitajika siku ya kuonesha mipaka. Nenda nao wote wawili.

Kandambili:
Na jina la mchezo bado hujatupa.

Mpunga_Mbichi:
Mkuu nikilitaja mtajua kijiji, na baba mdogo ana simu janja.