Utrasaundi ya wiki 21: kichwa "kama ndimu", naombeni ushauri

Baba Kijacho (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Naandika mke wangu akiwa amelala.

Ana mimba ya wiki 21, ya kwanza. Jana tulienda kupiga utrasaundi zahanati moja hapa Morogoro, shida yetu kujua jinsia tu. Dada wa kipimo alianza vizuri, anatutania kuhusu jina. Alipofika kichwani akanyamaza. Akaongeza ule ute wa baridi, akarudia, akamgeuza mke wangu ubavu, akarudia tena. Mwisho akasema kichwa kimebonyea mbele pande zote mbili kama ndimu, na mgongo wa chini hauoni vizuri. Kwenye karatasi kaandika "mgongo wazi?" na alama ya kuuliza, akatuambia twende hospitali kubwa.

Ile alama ya kuuliza maana yake nini? Mke wangu anajilaumu, FEFO (dawa za kuongeza damu zenye foliki asidi) alikuwa anaziruka kwa sababu zinamtapisha. Na mama yangu kapiga simu mara tatu, anataka tupitie kwanza kwa babu mmoja kijijini.

Kiduku255

Pole mkuu. Hapo kuna mkono wa mtu, msikilize mama.

Mpiga Picha Wodini

Kiduku, kama huna la kusema pita.

Mleta uzi, mashine hiyo nimeishika miaka 11. Huyo dada ni mkweli, wapo wanaoandika "mtoto yuko sawa" ili foleni iende. Ndimu peke yake haitoshi, hata watoto wachache wazima huonekana hivyo. Tukiiona tunahamia kisogoni kutazama ubongo mdogo. Mgongo ukiwa wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga vizuri, ubongo wa nyuma huvutwa kushuka kwenye tundu la fuvu, basi ule mdogo unajikunja kama ndizi. Ukiona ndimu na ndizi pamoja, mashaka ni makubwa. Alama hizo zilielezwa na madaktari wa London mwaka 1986, na bado zinatubeba, kwa sababu kidonda chenyewe kinajificha mtoto akilalia mgongo. Mkienda, ombeni watazame pia kama miguu inacheza na kama maji kichwani yamezidi.

Msichelewe. Ndimu huwa inapotea kuanzia wiki ya 24 hivi, mtaambiwa kichwa kizuri mrudi nyumbani.

FEFO sasa. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Muda huo wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. Alizoruka mimba ikiwa ya miezi minne hazikufungua kitu. Ila kama ana kisukari au anameza dawa za kifafa, daktari aambiwe.

Mama Wawili

Wangu wa pili ana mgongo wazi, wa 2017. Sikupigwa picha hata moja. Nikajifungulia kituo cha afya, tukazungushwa na rufaa siku tisa, tunafika MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo pale Muhimbili, kidonda kimeshaoza. Akashonwa, baadaye akawekewa mpira wa kutoa maji kichwani. Leo anatembelea magongo, mkojo tunautoa kwa mpira kila baada ya saa nne, na darasani anamshinda dada yake kwa hesabu. Sikudanganyi, ni kazi. Lakini wewe umejua mapema. Ikithibitika, azalie palipo na upasuaji wa ubongo na mgongo, mtoto afungwe ndani ya siku mbili tatu.

Nyota ya Tanga

Na mimba ijayo je? Dada yangu yalimkuta.

Mpiga Picha Wodini

Foliki asidi ya dozi kubwa, miligramu 4 au 5, kwa cheti cha daktari, aianze miezi mitatu kabla ya kushika mimba. Utafiti wa 1991 kwa wanawake kama dadako ulionyesha inapunguza kujirudia kwa karibu robo tatu. Akisubiri kadi ya kliniki, mrija umeshafunga.

Baba Kijacho (mleta uzi)

Nimemwamsha nikamsomea ile ya siku 28. Kalia, halafu kaomba chai. Mama nimemwambia Jumatatu tunapanda basi la alfajiri kwenda Muhimbili, kwa babu hatupiti. Kakata simu.

Mama Wawili, mke wangu anauliza: huyo wa magongo shuleni anafikaje?