Kitambaa chepesi cha mahema ya wapagazi: nailoni au poliesta?

Fundi wa Moshi

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikibadilisha zipu na kurudia mishono ya mahema yanayoshuka mlimani yakiwa yamechakaa. Sasa kiongozi mmoja wa wapagazi ameniomba nimshonee mahema mepesi ya kulala watu wake, kwa sababu mzigo wa mpagazi Kilimanjaro una kikomo cha kilo 20 na hupimwa kwenye mzani, hivyo hema zito linakula nafasi ya vitu vingine.

Nimeletewa sampuli tatu. Ya kwanza ni nailoni ya denia 20 (denia ni kipimo cha unene wa uzi) iliyopakwa silikoni pande zote mbili, ambayo mita moja ya mraba ina gramu 45 hivi. Ya pili ni poliesta ya denia hiyo hiyo, iliyopakwa vivyo hivyo, na uzito wake unakaribiana na wa kwanza. Ya tatu ni poliesta nene ya mahema ya kawaida, iliyopakwa poliyurethani, aina ya plastiki, upande wa ndani, yenye takriban gramu 80. Nikiivuta nailoni naiona ina nguvu kuliko zote, na moyo wangu umeielekea. Je, nitakuwa nimekosea? Na kile kitambaa kinachopitisha mwanga, ambacho wageni hukisifu kuwa chepesi kama karatasi, kinashoneka kwa cherehani ya kawaida?

Kiongozi wa Msafara

Fundi, mkono wako haukukudanganya, kwa kuwa kwa uzito ule ule nailoni huchelewa kuchanika kuliko poliesta. Ila ulichokipima ni kitambaa kikavu.

Nailoni hunywa maji. Hata ikiwa katika hewa ya kawaida huwa imebeba unyevu unaofikia takriban asilimia 4 ya uzito wake, na ikiloa hubeba zaidi, ilhali poliesta haifiki hata nusu ya asilimia moja. Silikoni haizuii jambo hilo, kwa kuwa uzi wenyewe ndio unaonywa maji na kurefuka. Nimelala kambi ya Barranco, huko huko Kilimanjaro, chini ya paa la nailoni ambalo tulilikaza jioni hadi likawa linalia kama ngozi ya ngoma. Mvua ikanyesha, baridi ikaingia, na kabla ya alfajiri paa lilikuwa limelegea na kuugusa mfuko wangu wa kulalia, huku jasho la pumzi zetu lililoganda upande wa ndani likihamia kwenye mfuko huo. Ilinibidi nitoke gizani kukaza kamba zote upya, na vidole vilikuwa havisikii fundo. Mpagazi aliyebeba mzigo kutwa nzima hatakiwi kuamka saa tisa usiku kwa kazi hiyo.

Liko pia suala la jua. Kadiri unavyopanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, na kambi ya Barafu iko juu ya mita 4,600. Poliesta huistahimili mionzi hiyo vizuri kuliko nailoni, na mahema ya wapagazi hukaa juani msimu mzima. Ningekuwa mimi, ningechukua sampuli ya pili bila kusita.

Mshonaji wa Nanyuki

Naunga mkono poliesta, nami nijibu kuhusu kile kitambaa cha wageni, kwa sababu nimekishika. Ni nyuzi za Dyneema, yaani nyuzi za plastiki zenye nguvu sana, zilizobanwa katikati ya karatasi mbili nyembamba za plastiki, na asili yake ni matanga ya mashua za mashindano. Hakinywi maji na hakilegei. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya poliesta, hakipendi joto wala kitu chenye ncha, na tundu la sindano likishapita halijifungi, ndiyo maana maungio yake mengi hugundishwa kwa gundi au utepe badala ya kushonwa. Tufanye hesabu: paa la mita 3 kwa 3 ni mita 9 za mraba, yaani gramu 405 kwa poliesta yako, na gramu 234 kwa aina ya Dyneema yenye gramu 26. Tofauti ni gramu 171, ambazo hazifiki hata kikombe kimoja cha maji. Kwa mahema yatakayotumiwa na mikono mingi na kufungwa kwa haraka asubuhi, sioni sababu ya kulipia gramu hizo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mishono yako, maana hema jepesi huvuja kwenye mshono kabla ya kuvuja kwenye kitambaa. Tumia uzi wa poliesta, usitumie wa pamba. Sindano iwe nyembamba, namba 70 au 80. Na badala ya pini, shikilia kingo kwa vibanio, kwa sababu kila tundu la pini ni njia ya maji. Kunja kingo mbili moja ndani ya nyingine kama mguu wa jinzi, upige mistari miwili, na mkunjo uelekee chini kama mabati ya paa yanavyolaliana. Kisha ziba. Utepe wa kubandika kwa moto haushiki kwenye silikoni, na hakuna kinachoshika silikoni isipokuwa silikoni: chukua ile ya kuzibia vioo, ilainishe kwa kiyeyushi cha rangi ya mafuta (si tina ya rangi za magari), ipake kwa brashi ndogo na uiache ikauke usiku mzima.

Fundi wa Moshi

Nawashukuru sana. Jana nilikata vipande viwili vya urefu wa mita moja, nikavilowesha, nikavitundika vikiwa na mawe ya uzito sawa. Asubuhi kile cha nailoni kilikuwa kimeshuka kuliko mwenzake, na sikuhitaji hata futi ya kupimia kuuona urefu uliozidi. Paa litakuwa la poliesta. Je, ile nene ya poliyurethani niitumie kwa sakafu?

Mshonaji wa Nanyuki

Itafaa, mradi muuzaji akuhakikishie kuwa inastahimili milimita 3,000 za maji, yaani safu ya maji yenye kimo cha mita 3, kwa sababu goti la mtu hukandamiza kitambaa kwenye udongo uliolowa kwa nguvu kuliko mvua inavyopiga paa. Tena sakafu ya silikoni huteleza. Kwenye kambi yenye mwinamo watu hujikuta wote wamerundikana mlangoni. Mwambie tu kiongozi wao asiyahifadhi mahema yakiwa na unyevu kwenye stoo yenye joto, kwa kuwa poliyurethani huoza hivyo: hutoa harufu kali, kisha hunata kama ulimbo, na ikifika hapo hakuna fundi anayeweza kuirudisha.