Tupeane uzoefu: wewe "usiye na dini" ni wa aina gani hasa?

Mlinzi wa Zamu (mleta mada)
Wakuu, salaam. Kule kwenye uzi wa sensa watu wametoana macho kama asiye na dini ndiye huyo huyo asiyeamini Mungu. Sensa ya Kenya 2019 iliwatia kapu moja, wasio na dini pamoja na wasioamini: watu 755,750. Wengine 73,253 wakaandikwa "hajui". Tanzania swali la dini halijaulizwa kwenye sensa tangu 1967, kila mtu anajipigia ramli. Mliomo humu, mnajiitaje na mnapimaje? Matusi hapana. Shuhuda za wokovu zina jukwaa lake.

Pweza Mkavu
Maswali ni mawili, usiyachanganye. Moja: unaamini kuna mungu? Pili: una hakika? Anayesema "siamini" kwenye la kwanza ni ateisti, hata kama la pili anajibu "sijui". Huyo ni ateisti agnostiki, yaani asiyedai kujua, na ndio aina unayokutana nayo zaidi. Akisema "hayupo na nina hakika", huyo ni ateisti mkali, na sasa ametoa dai, kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha ni wake. Wa upande wa pili naye yupo: anaamini ila anakiri hawezi kujua. Agnostiki, na kanisani hakosi. Kinachoharibika siku zote ni watu kuifanya agnostiki kituo cha njiani, kama Magomeni ukitoka Kariakoo kwenda Ubungo. Hayuko njiani kwenda popote, amejibu swali jingine.

Mama Ngano
Umemaliza.

Bakora Saba
Hajamaliza. Thomas Huxley, yule mwanabiolojia Mwingereza, alipoliunda neno agnostiki mwaka 1869 hakukusudia liwe kibandiko cha kumpachika ateisti. Alikusudia msimamo unaojitegemea: usidai hakika kwenye jambo ambalo ushahidi wake huna. Hii ya ateisti "hasi" (haamini tu) na "chanya" (anadai hayupo) aliipa nguvu mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew miaka ya 1970, na wanafalsafa wengi mpaka leo hawaikubali; kwao ateisti ni yule tu anayesema hakuna mungu. Tena Flew mwenyewe mwaka 2004 alitangaza kwamba amekubali yupo muumba.

Pweza Mkavu
Flew kugeuka kunabatilishaje mgawanyo? Darasani endelea na maana yako. Kwenye dodoso mtu anaulizwa "unaamini?", na "sijui kama yupo" haijibu hilo swali.

Bakora Saba
Inajibu vizuri tu kwa mtu ambaye hajaamua. Au kwako hajaamua naye ni ateisti? Basi na mtoto mchanga mmemsajili.

Kipupwe
Tumieni namba mpumzike. Mwanabiolojia Richard Dawkins mwaka 2006 alitoa kipimo cha ngazi 7. Ngazi ya 1 ana hakika yupo, 4 nusu kwa nusu, 7 ana hakika hayupo. Mwenyewe alijiweka 6. Kasoro ya kipimo: hakisemi mungu yupi. Mtu mmoja anaweza kuwa 7 kwa Zeus wa Wagiriki wa kale, 6 kwa mungu anayeleta ukame kwa sababu ya sketi fupi, na 3 kwa chanzo cha ulimwengu kisichosikia dua. Kwa hiyo fafanua kwanza, namba baadaye. Anayekataa kujibu chochote mpaka umweleze "mungu" unayemuulizia ni nani, huyo ni ignosti. Jina hilo linahusishwa na rabi Sherwin Wine, aliyeanzisha kule Michigan mwaka 1963 sinagogi lisilomtaja Mungu kwenye ibada zake. Ndiyo, rabi.

Juma la Nne
Mimi hayo mambo hayanihusu kabisa, awepo asiwepo.

Kipupwe
Hiyo nayo ina jina: apatheisti. Karibu.

Dada wa Mnazi
Mnawaruka walio wengi mtaani: "Mungu yupo, ila dini zililetwa na meli." Huyo hana dini, na ateisti siye. Mchunguze hivi. Je, anaomba? Akiomba, anatarajia ajibiwe? Kama anatarajia, ni muumini asiye na kanisa wala msikiti. Kama anaamini muumba aliyeumba akakaa pembeni, ni deisti. Kama anatambikia mizimu ya kwao, ana dini kamili, ya asili, na sensa ya Kenya imempa kundi lake mbali na hilo la 755,750. Akisema ulimwengu wenyewe ndio mungu, mpeleke kwa mwanafalsafa Spinoza, aliyetengwa na Wayahudi wenzake wa Amsterdam mwaka 1656.

Chapati Mbili
Mnamkumbuka katibu wa chama cha wasioamini Kenya? Chama kilisajiliwa Februari 2016. Aprili, usajili ukasitishwa kwa hoja ya amani na utulivu wa nchi. Wakapambana, wakaendelea kuwepo. Halafu Mei 2021 katibu anajiuzulu: amempata Yesu! Uongozi ukatoa taarifa kwa umma, ukamshukuru kwa utumishi wake, ukamtakia heri katika uhusiano wake mpya na Yesu Kristo, na kusema nafasi ya katibu iko wazi.

Mama Ngano
😂😂 Hakuna chama cha siasa kinachoagana kistaarabu hivyo.

Sauti ya Jangwani
Huo ndio ushahidi kwamba Mungu yupo.

Pweza Mkavu
Ni ushahidi kwamba katibu amebadili mawazo. Ukimhesabu yeye, hesabu na mapadri waliovua kanzu.

Chapati Mbili
Ile nafasi walipata mtu?

Mlinzi wa Zamu
Turudi kwenye mada jamani.

Takwimu Kavu
Haya. Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, Januari 2024: watu wazima wasio na dini Marekani ni 28%. Ndani ya hao, ateisti 17%, agnostiki 20%, na 63% walichagua "hakuna dini mahsusi". Gazeti likiandika "28% ya Wamarekani hawaamini Mungu" limepotosha. Uingereza na Wales, sensa ya 2021, ni 37.2% wasio na dini, lakini swali lenyewe ni la hiari na linauliza dini, halimuulizi mtu kama anaamini. Ukitunga dodoso, tenga matatu: anaamini nini, ni muumini wa wapi, anatenda nini. Ukiyabana kwenye swali moja utapata hilo kapu la mleta mada.

Bakora Saba
Ongeza la nne, anaishi kwa misingi gani. Neno ateisti halisemi lolote kuhusu hilo. Wahumanisti, wanaojenga maadili juu ya utu bila kumtegemea mungu, ndio waliojaribu kuliandika, Azimio la Amsterdam la 1952, likafanyiwa marekebisho hadi 2022.

Wakili wa Kijiwe
Ya vitendo sasa. Mahakamani Kenya, sheria ya viapo inakuruhusu kuahidi kusema kweli bila kumtaja Mungu, badala ya kuapa. Mwambie karani kabla hujapewa kitabu mkononi, ukingoja katikati unaonekana unakwepa ushahidi. Ndoa: Tanzania kuna ya bomani, Sheria ya Ndoa ya 1971, notisi siku 21. Kenya, sheria ya 2014, notisi ni hizo hizo 21. Watu wanafika wiki moja kabla ya sherehe, kadi zimeshagawiwa. Na hamtakiwi kukana dini, hata walokole wawili wanafungishwa.

Juma la Nne
Na kwenye fomu ya hospitali, pale "Dini"?

Kipupwe
Andika "Hakuna".

Dada wa Mnazi
Ukiandika hivyo karani atadhani umekosea, atakujazia kwa kuangalia jina. Piga mstari.

Mama Ngano
Andika ya wazazi wako. Unaumwa, mapokezi unataka mdahalo wa nini?

Wakili wa Kijiwe
Kisehemu kile kina kazi: chakula, aitwe padri au shehe, na mwili apewe nani. Kama unajali, jaza ukweli, kisha mweleze yule ndugu wa karibu uliyemwandika kwenye fomu hiyo hiyo. Ndiye atakayeulizwa.

Juma la Nne
Ndugu mwenyewe ni mzee wa kanisa.

Wakili wa Kijiwe
Badilisha ndugu.