Kenya: asilimia 90 ya stima ni safi, mbona jioni tunachoma mafuta na usiku tunamwaga mvuke?

Mpango_wa_Kaunti

Wadau, salamu. Karibu asilimia 90 ya stima inayozalishwa Kenya hutokana na jotoardhi (mvuke wa chini ya ardhi), mabwawa, upepo na jua. Serikali imejiwekea lengo la kufika asilimia 100 mwaka 2030, na ahadi iliyopelekwa Umoja wa Mataifa Desemba 2020 inasema gesi joto zitapunguzwa kwa asilimia 32 kufikia mwaka huohuo. Lakini ukifuatilia uzalishaji saa kwa saa, unakuta mambo mawili yasiyopatana. Jioni mitambo ya mafuta mazito ya Kipevu, Rabai na Thika inanguruma, kisha usiku wa manane mitambo ya jotoardhi ya Olkaria, karibu na Naivasha, inamwaga mvuke hewani kwa kukosa mnunuzi.

Maswali yangu:

1. Kwa nini mvuke wa usiku hauwezi kufungiwa kisimani ukangoja jioni?
2. Sheria ya Kawi ya 2019 inazitaka kaunti ziandae mipango yao ya kawi. Kwenye rasimu moja kuna pendekezo la kujenga sola ya megawati 20 na kuiuzia gridi. Je, hiyo inaziba pengo lolote?
3. Hata tukifika asilimia 100, gesi joto zitapungua kiasi gani?

Bomba_la_Mvuke

Nianze na la kwanza, maana wengi hudhani kisima cha mvuke ni kama mfereji wa jikoni.

Kisima cha Olkaria kinashuka mita 3,000 hivi. Kinachopanda ni mchanganyiko wa maji na mvuke. Vinatenganishwa, mvuke unakwenda kwenye turbini, na maji yaliyobaki yanarudishwa ardhini. Bomba la chuma lililoshikwa kwa saruji ndani ya kisima limezoea joto kali. Ukikifunga, linapoa na kusinyaa, ukikifungua, linatanuka. Fanya hivyo kila siku na saruji itaanza kupasuka, viungio vilegee, na siku moja upoteze kisima kilichogharimu mamilioni ya dola. Isitoshe, maji yale yana silika nyingi. Joto na kasi vikishuka, silika inaganda kwenye mabomba kama ukoko wa sufuria, ila ukoko huu unatolewa kwa nyundo na tindikali.

Kwa hiyo usiku opereta hafungi kisima. Anapunguza mvuke unaoingia kwenye turbini, na uliozidi anautoa kupitia vizuia sauti. Ule moshi mweupe unaouona ukipita Naivasha ndio huo. Kisima kinabaki na joto lake, pesa ndizo zinazopaa.

Sasa hesabu. Februari 2025 kilele cha mahitaji kilifika megawati 2,316. Kilele hicho ni cha saa moja jioni hadi saa nne usiku, watu wakiwa nyumbani, taa zimewaka, maji ya kuoga yanachemshwa. Saa tisa usiku mahitaji yameshuka hadi kama nusu. Upande wa uzalishaji, jotoardhi peke yake ni zaidi ya megawati 900. Upepo umefungwa megawati 436: Turkana 310, Kipeto 100, Ngong 25.5. Na upepo wa Turkana, kwa tabia yake, huvuma zaidi usiku na alfajiri kwa sababu ya mkondo wa hewa unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, alasiri hulegea. Ongeza megawati 200 tulizoanza kununua Ethiopia mwishoni mwa 2022. Usiku wenye upepo mzuri, umeshapitisha mahitaji kabla hujafungua lango hata moja la mabwawa ya Tana.

Hapo mikataba ndiyo inayoamua. Shamba la upepo la Turkana linalipwa kwa kilichozalishwa, na kama lingeweza kuzalisha ukakataa, unalipa pia. Ndiyo sababu mara nyingi anayeambiwa apunguze ni mtambo wa mvuke wa shirika la umma, ingawa hauchomi mafuta ya kununua.

Njia_ya_400

Bomba kaeleza saa. Niongeze mahali, maana umeme uliopo kituo cha Suswa bado haujafika Kisumu.

Mitambo ya mafuta haiwashwi kwa sababu ya upungufu wa megawati tu. Mingine inawashwa ili kushikilia volteji. Magharibi mwa nchi kumekuwa na shida hii miaka mingi: njia ndefu, mzigo mkubwa jioni, volteji inazama mwisho wa laini. Ile mitambo ya Muhoroni, megawati 60, iliwekwa kule kwa sababu hiyo. Unaweza kuwa na mvuke wa kumwaga Naivasha na bado ukachoma mafuta Muhoroni saa ileile. Dawa yake ni njia nene zaidi, kapasita (vifaa vya kuinua volteji) kwenye vituo vya kupozea umeme, na transfoma zenye uwezo. Kujenga mtambo mwingine safi Olkaria hakusaidii mtu wa Kakamega kama njia ya katikati imejaa.

Usiku shida inageuka. Njia ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani, lilipo shamba la upepo la Turkana, hadi Suswa ina urefu wa kilomita 430 na zaidi. Njia ndefu namna hiyo ikibeba mzigo mdogo hupandisha volteji yenyewe, na zinahitajika riakta, yaani koili kubwa za kuinyonya. Tarehe 25 Agosti 2023 shamba la upepo lilitoka ghafla kwenye gridi likiwa linatoa kama megawati 270, na karibu nchi nzima ikaingia gizani. Wahusika walibishana kama shamba ndilo lililoanza au volteji ya gridi ndiyo iliyolitoa. Vyovyote iwavyo, gridi ikipoteza kiasi hicho kwa pigo moja inahitaji akiba: mitambo ambayo tayari inazunguka na ina nafasi ya kupanda ndani ya sekunde. Akiba isipotosha, masafa (mizunguko ya umeme kwa sekunde) yanashuka chini ya hezi 50, mitambo mingine inajitoa kujilinda, na domino zinaanguka.

Ndiyo maana usione turbini ya bwawa la Gitaru inazunguka nusu mzigo ukadhani ni uzembe. Umeme wa Ethiopia nao unakuja kwa mkondo mnyoofu (DC) wa kilovolti 500 na kuingia kupitia vigeuzi vya Suswa. Hauleti uzito wowote wa rota inayozunguka, kwa hiyo masafa yakianza kuporomoka hausaidii kuyashika namna bwawa linavyosaidia.

Na tusisahau: turbini za Turkana zilikuwa zimesimama tayari 2017, lakini njia ilichelewa hadi Septemba 2018 kwa sababu mkandarasi Mhispania alifilisika katikati ya kazi. Walipa ada walilipia upepo uliokuwa hauna pa kupita. Mkakati wowote unaoorodhesha megawati bila kuorodhesha njia, mimi huufunga ukurasa wa pili.

Kidatu_Mkondo_wa_Chini

Wakuu, mchango mfupi kutoka upande wa pili wa Namanga. Njia ya kilovolti 400 ya Singida kwetu hadi Isinya kwenu inafanya kazi, na bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115. Bwawa linaweza kulala usiku na kuamka jioni, kitu ambacho mvuke hauwezi. Biashara ya busara ingekuwa Kenya ituuzie usiku kwa bei ya kutupa, sisi tufunge maji, jioni turudishe. Kinachokwamisha si waya, ni bei kwa saa. Mkataba ukiwa na bei moja mchana na usiku, hakuna atakayejisumbua kuhamisha chochote.

Mpango_wa_Kaunti

Asanteni sana. Kwa hiyo betri ndizo jibu la jioni? Na ile sola ya megawati 20 bado sijapata msimamo wenu.

Bomba_la_Mvuke

Betri ni sehemu tu. Ukitaka megawati 100 kwa saa nne za kilele, unahitaji megawati-saa 400 zitakazotoka, na kwa kuwa asilimia 15 hivi hupotea kwenda na kurudi, utachaji karibu 470. Mvuke wa ziada wa megawati 100 kwa saa tano za usiku unatosha kuzijaza. Faida ya pili ni kwamba betri hujibu kwa sehemu ya sekunde, kwa hiyo inakupa ile akiba anayoisema Njia_ya_400, na mabwawa yanaachiliwa kufanya kazi nyingine. Kosa ninaloliona kwenye mapendekezo mengi ni kununua betri ya saa moja kwa sababu ni rahisi. Saa moja inalinda masafa, lakini haizimi Kipevu.

Paneli_na_Vumbi

Nalichukua swali la sola.

Kwanza, mlango wenyewe. Sera ya bei elekezi, yaani bei ambayo serikali huwapangia wanaouzia gridi umeme safi, iliyorekebishwa 2021 imebakiza mitambo midogo ya maji, biomasi na biogesi, hadi megawati 20. Sola na upepo zinatakiwa kupita kwenye mnada. Rasimu ya kaunti inayosema "tutauza kwa bei elekezi" imepitwa na wakati kabla haijachapishwa.

Pili, saa. Sola inalala saa kumi na mbili jioni, kilele kinaanza saa moja. Bila betri haigusi pengo ulilouliza. Inachofanya ni kuokoa maji ya bwawa mchana ili yatumike jioni, faida ya kweli, hasa mwaka wa ukame, lakini lazima isemwe hivyo.

Tatu, ukubwa. Garissa ina megawati 54.6 kwenye hekta 85, ikikadiriwa kutoa gigawati-saa 76 hivi kwa mwaka. Kwa uwiano huo megawati 20 zinataka hekta zaidi ya 30 na kutoa kama gigawati-saa 28. Ukiziingiza kwenye kilovolti 33, mkondo ni ampea 350. Laini nyingi za mashambani zilijengwa kwa waya mwembamba wa kupeleka umeme kijijini, si kuupokea. Kwa hiyo kabla ya kutafuta ardhi, omba kipimo cha laini: waya wa unene gani, mzigo wa chini kabisa saa sita mchana ni kiasi gani, volteji mwisho wa laini ikoje. Kama mzigo wa mchana ni megawati 4, zile 16 zitarudi nyuma hadi kituoni na kupandisha volteji ya kila mtu njiani.

Ningekuwa naandika mpango wa kaunti, ningeanza na mizigo ya kaunti yenyewe: visima vya maji, hospitali, soko, maghala ya baridi. Pampu ya kisima haijali saa. Iendeshe mchana, hifadhi maji kwenye tangi, si stima kwenye betri. Hospitali inayotumia kilowati 30 saa sita mchana, ifungie paneli za kilowati 40 hivi, usiifungie 150. Kanuni za 2024 za kubadilishana umeme na gridi zinaruhusu hadi megawati 1, lakini kila yuniti mbili unazotoa unarudishiwa moja. Cha ziada unakigawa kwa nusu bei.

Na jambo linaloshangaza wengi: inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika) ya kawaida ya gridi hujizima stima ikikatika, hata jua likiwa utosini. Imeundwa hivyo isimuue fundi aliye juu ya nguzo. Ukitaka wodi iendelee, weka inveta mseto na betri. Ukiunganisha na jenereta, hakikisha kidhibiti hakiiachi jenereta chini ya asilimia 30 ya mzigo. Chini ya hapo dizeli haiungui vizuri, masizi yanajaa, na sola ikizidi umeme unaweza kurudi ndani ya jenereta.

Jiko_Banifu

Swali la tatu limeachwa yatima.

Ahadi ya asilimia 32 imepimwa dhidi ya tani milioni 143 ambazo Kenya ingefikia 2030 bila kufanya lolote. Hiyo ni punguzo la tani milioni 46 hivi. Sekta ya stima tayari ni safi, kwa hiyo kuzima mitambo ya mafuta iliyobaki kutaleta sehemu ndogo tu. Kundi kubwa ni kilimo, hasa mifugo na methani yake, kisha ardhi na misitu, usafiri, na kuni na makaa. Stima safi inapunguza gesi joto pale tu inapokwenda kuondoa kitu kingine kichafu.

Chukua kupika. Jiko la shinikizo la umeme la kilowati 1 huchemsha maharagwe kwa chini ya nusu yuniti, ilhali jiko la koili linaweza kula mara tatu yake. Lakini tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ya nyumbani ni ya wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi. Zamani ilikuwa 100. Mama anayetumia 25 akiongeza 40 za kupika, anatolewa kwenye kundi lile, na hata taa zake zinapanda bei. Anarudi kwa makaa, na huwezi kumlaumu. Halafu transfoma: ya kVA 50 (haizidi kilowati 50) yenye nyumba 80, nusu wakiwasha jiko saa moja jioni ni kilowati 40 kabla ya taa na televisheni. Fyuzi haina huruma.

Pikipiki za umeme zinafaa zaidi kwa ule mvuke wa usiku. Bei maalumu ya magari ya umeme ni shilingi 16 kwa yuniti, na 8 nje ya kilele, kwa mita yake pekee. Pikipiki laki moja zikichaji yuniti 3 kila moja ni megawati-saa 300 kwa usiku, yaani megawati 37 kwa saa nane. Petroli imeondoka, mvuke umepata kazi. Sharti ni kwamba vituo vya kubadilisha betri vichaji kuanzia saa nne usiku, na wengi huchaji betri papo hapo inaporudishwa, saa moja jioni, kwa kuwa hawana betri za ziada. Mwendeshaji mmoja wa kituo anahitaji kama betri moja na nusu kwa kila pikipiki ili aweze kungoja bei ishuke. Kaunti inaweza kuweka hilo kama sharti la leseni ya eneo, na haihitaji ruhusa ya mnada wowote.

Mpango_wa_Kaunti

Nimeondoa megawati 20 kwenye rasimu. Njia_ya_400, hicho kipimo cha laini kinaombwa kwa nani?

Njia_ya_400

Laini za kilovolti 33 na 11 ni za Kenya Power, omba kupitia ofisi yao ya kaunti. Za 132 na kuendelea, nyingi za miaka ya karibuni ni za KETRACO, shirika la umma la njia kuu za umeme. Omba rekodi za kila nusu saa kwa mwaka mzima. Ukipewa wastani wa mwezi, rudisha, wastani hauonyeshi jioni.