Je, vikao vya bure mtandaoni vinampunguzia mnasihi kipato?

Mnasihi wa Kampala:
Ndugu zangu, natoa unasihi kwa simu ya video, na kikao changu cha kwanza, cha dakika 50, ni bure. Wengi huhudhuria, humwaga yote yaliyowajaa moyoni, kisha hawarudi. Na wachache wanaorudi huniuliza kwa nini sasa nawatoza. Je, nikiache? Nahofia kumfungia mlango mtu aliye taabani.

Mama Mlezi, Mbarara:
Pole, dada. Dakika 50 ni kikao kamili, na mtu akishapata nafuu ya siku chache huahirisha kurudi. Yafanye mazungumzo ya kufahamiana ya dakika 15: yeye aeleze kinachomsumbua, nawe umweleze utaratibu, usiri na ada, tena ada hiyo aione kabla hata ya kukupigia. Aliye katika hatari ya kujidhuru hasubirishwi kwa sababu ya malipo; mwelekeze hospitalini mara moja, iwe Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili hapo Kampala, au iliyo karibu naye.

Mtafiti, Jinja:
Naongeza jambo moja, kwa kuwa husemwa sana kwamba cha bure hakithaminiwi. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walichunguza ugawaji wa vyandarua kwa wajawazito magharibi mwa Kenya, na matokeo yao ya mwaka 2010 hayakuonyesha kwamba waliopewa bure walivitumia kidogo kuliko walionunua. Katika utafiti mwingine, uliochapishwa 2014, Dupas aliona kwamba waliopata cha kwanza bure au kwa bei ya chini mno walikuwa tayari zaidi kulipia cha pili mwaka uliofuata. Chandarua si unasihi, nakubali, lakini nisingeharakisha kuulaumu ubure wenyewe. Hata tiba ya vikundi ambayo shirika la StrongMinds limekuwa likiwapa bure wanawake wa Uganda huwafikia zaidi watu ambao wasingemudu ada yako.

Mnasihi wa Kampala:
Nashukuru. Basi je, wasioweza kulipa kabisa?

Mama Mlezi, Mbarara:
Watengee nafasi mbili kwa juma, zenye idadi ya vikao mnayokubaliana mwanzoni, wala usizitangaze kama chambo cha biashara. Kumbuka pia kwamba kikao chako cha bure kinamgharimu mteja: video hula bando, na tangu Julai 2021 data hutozwa kodi ya asilimia 12. Ukimpigia wewe kwa simu ya kawaida, huenda baadhi ya waliopotea wakarudi.